Usukani, Kiyoyozi na Nishati Mbadala ya Magari: Matini ya Mazungumzo kwa Madereva, Mafundi na Wakazi wa Msalato

Yafuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya madereva wa Serikali, mafundi wa magari na wakazi wa Msalato, mkoani Dodoma. Yanachapishwa kwa manufaa ya watumishi wa umma na wananchi kwa jumla, wa Visiwani na wa Bara, ambao hutumia magari ya aina moja na hukabiliwa na matatizo yanayofanana.






UTANGULIZI

Msalato ipo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kandokando ya barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na hatimaye Arusha. Kwa miaka mingi jina la mahali hapa lilijulikana zaidi kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, chuo chake cha theolojia, na mnada wa Jumamosi ambao huwavuta wafugaji, wachuuzi na wapenda nyama choma kutoka pande zote za mji. Siku hizi Msalato inatajwa pia kwa uwanja wa ndege wa kimataifa uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022, na kwa ujirani wake na barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji, yenye urefu wa kilomita 112.3.

Mabadiliko hayo yana historia. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya Jiji, na mwaka 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Watumishi walipohama, magari nayo yalihama. Gari lililozoea hewa ya pwani na safari fupi za Dar es Salaam likajikuta katika uwanda wa juu wenye ukame, vumbi jekundu na jua kali la Oktoba na Novemba, likitakiwa kwenda mikoani na kurudi kila wiki.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza mambo matatu ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali, ilhali yanahusiana: usukani wa gari, kiyoyozi cha gari, na magari yanayotumia nishati isiyokuwa petroli wala dizeli. La kwanza linagusa uhai wa watu. La pili linagusa hewa ya dunia nzima. La tatu linagusa riziki ya fundi, ambaye asipojifunza mapema atayaona magari yakipita mbele ya gereji yake bila ya kusimama.

MKANDA MMOJA, KAZI NYINGI

Mtu akifungua boneti ya gari la kawaida ataona mkanda wa mpira mbele ya injini, ambao mafundi huuita fani belti. Injini inapozunguka, mkanda huo, au miwili yake katika baadhi ya magari, huzungusha jenereta ya kuchaji betri, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Hivyo basi usukani mwepesi na hewa baridi ndani ya gari vyote viwili ni mzigo juu ya injini, na vyote viwili hulipiwa kwa mafuta.

Jambo hili linaeleza mengi ambayo madereva huyaona bila ya kuyajua sababu. Mkanda ukilegea hupiga kelele wakati usukani unapokatwa hadi mwisho, kwa kuwa hapo ndipo pampu inapohitaji nguvu nyingi. Mkanda ukikatika njiani, usukani huwa mzito ghafla, kiyoyozi huacha kupoza na taa ya betri huwaka, vyote kwa wakati mmoja. Dereva mwenye kulielewa hilo hushika usukani kwa nguvu zaidi, hupunguza mwendo na kusimama pembeni. Asiyelielewa hudhani usukani umejifunga, hupatwa na hofu, na hofu ndiyo inayompeleka mtaroni.

Katika gari la umeme mkanda huo haupo kabisa. Katika magari mengi ya haibridi, yaani yenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, usukani na kompresa vimepewa kila kimoja mota yake. Huo ndio mlango ambao nishati mbadala imeingilia katika gereji, na sehemu ya mwisho ya mazungumzo haya itarudi hapo.

USUKANI

Usukani haupeleki magurudumu moja kwa moja. Baina ya mikono ya dereva na tairi kuna mlolongo wa vipande: shafti ya usukani, raki au boksi, tairodi za kushoto na kulia, na boljointi zinazoliwezesha gurudumu kugeuka huku likipanda na kushuka. Kila kiungo kina kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi lisiingie na grisi isitoke.

Katika uwanda wa kati adui mkubwa ni vumbi na jua. Mpira hukauka na kupasuka. Pasipo mpira, mchanga huingia ndani ya kiungo na kufanya kazi ya msasa. Kiungo huliwa taratibu, na usukani huanza kuwa na mchezo, yaani dereva huuzungusha kidogo na gari lisiitike. Kwa kuwa hali hiyo huja polepole, dereva wa kila siku huizoea. Mara nyingi mgeni akipewa gari hilo ndiye anayeshtuka.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa ya lami. Zamani barabara ile mbovu ilivunja viungo, lakini pia ilimlazimisha dereva kwenda polepole. Lami imeondoa mashimo na imeondoa kizuizi cha mwendo. Boljointi iliyokwisha ikichomoka gari likiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa hulaza gurudumu na kumchelewesha mtu. Boljointi hiyo hiyo ikichomoka katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, basi lililojaa abiria likija upande wa pili, huleta msiba kwa familia nyingi. Barabara nzuri inadai gari zima kuliko barabara mbaya.

Dalili ambazo dereva hana budi kuziangalia ni hizi zifuatazo. Gari kuvuta upande mmoja likiachiwa kwenye njia iliyonyooka. Usukani kutetemeka kuanzia mwendo fulani. Tairi za mbele kuliwa upande wa ndani au wa nje. Mlio wa kugonga kila gari linapopita kwenye tuta. Mlio wa kulalamika wakati wa kukata kona, ambao mara nyingi ni ishara ya mafuta ya usukani kupungua. Usukani kuwa mzito asubuhi au gari likiwa katika mwendo mdogo.

Kuhusu mafuta ya usukani, inapaswa ieleweke kwamba hayafanani katika magari yote. Baadhi ya magari hutumia mafuta ya gia za otomatiki, na mengine yana mafuta yake maalumu yaliyotajwa kwenye kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Kutia aina isiyotakiwa huharibu mipira ya ndani, na raki iliyokuwa inavuja kidogo itaanza kumwaga. Aidha, kuongeza mafuta kila wiki hakutengenezi gari. Mafuta yanayopungua yanatoka mahali, na mahali hapo hapana budi patafutwe.

Dereva naye ana wajibu wake. Usukani usishikiliwe ukiwa umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, kwa sababu pampu hufanya kazi dhidi ya ukuta na mafuta huchemka. Usukani usizungushwe gari likiwa limesimama kabisa pale ambapo kusogea kidogo kunawezekana.

Lipo jambo moja ambalo halina msamaha, nalo ni kuchomelea viungo vya usukani. Tairodi iliyopinda ikanyooshwa kwa moto, au boljointi iliyolegea ikafungwa kwa nukta za kulehemu, huonekana nzima kwa macho. Lakini chuma kilichopashwa moto namna hiyo kimepoteza uimara kiliopewa kiwandani, na kitakatika siku ambayo hakuna anayeijua. Mteja huokoa fedha kidogo. Fundi naye hupata sifa ya kuwa mtu wa kusaidia. Wote wawili huwa wameweka rehani maisha ya watu ambao hawakushauriwa. Fundi mwenye kuheshimu kazi yake hukataa, hata mteja akinuna.

Kwa watumishi wa umma yapo mambo ya kuongeza. Wakala wa Ufundi na Umeme, ulioanzishwa mwaka 2005, umepewa dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali Tanzania Bara. Hata hivyo wakala hauwezi kutengeneza ubovu ambao haukuripotiwa. Chukua mfano wa dereva aliyesikia mlio wa kugonga Alhamisi, akaambiwa na mkubwa wake kwamba gari litapelekwa karakana baada ya safari ya Ijumaa. Dereva huyo yumo katika majaribu. Akikataa ataonekana mkaidi, na akikubali atakuwa amebeba watu watano juu ya kiungo asichokiamini. Njia iliyo sawa ni kuandika ubovu huo katika kitabu cha safari, kwa tarehe na maneno yaliyo wazi, na kumwonyesha afisa anayeidhinisha safari. Afisa akishasoma, uamuzi unakuwa wake pia. Imeonekana mara nyingi kwamba maneno yaliyoandikwa huahirisha safari ambazo maneno ya mdomo hayakuweza kuziahirisha.

KIYOYOZI

Watu wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Kwa hakika huhamisha joto. Kompresa hushindilia gesi ikawa moto sana. Gesi hiyo hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapoteza joto lake kwa upepo na kuwa kimiminika. Kimiminika hupenyezwa katika tundu jembamba, kikapanuka na kuwa baridi ndani ya evapureta iliyo nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayomfikia abiria. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa, na mzunguko huanza upya.

Kutokana na maelezo hayo inafahamika kwamba kiyoyozi kisichopoza si lazima kiwe kimepungukiwa gesi. Katika Dodoma kondensa huziba kwa vumbi, majani makavu na wadudu, ikashindwa kutoa joto. Chujio la hewa ya ndani nalo huziba, na mteja hulalamika kwamba baridi ni hafifu ilhali ni upepo ulio hafifu. Visiwani na pwani hali ni nyingine: vumbi ni kidogo, lakini chumvi iliyomo hewani hula alumini ya kondensa mpaka itoboke. Ugonjwa unaofanana hupata dawa tofauti kwa kutegemea mahali, na fundi mzuri huuliza kwanza gari limeishi wapi.

Gesi ndani ya gari haitumiki ikaisha kama petroli. Imefungiwa humo izunguke miaka. Ikipungua imevuja, na kazi ya kwanza ni kutafuta tundu. Wapo mafundi wanaojaza gesi kila baada ya miezi mitatu kwenye gari lile lile, na mteja hulipa bila ya kujua kwamba ananunua kitu kinachopotea hewani. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa yake, au kwa kujaza naitrojeni na kuangalia kama geji inashuka. Ni mwiko kutumia oksijeni kwa kazi hiyo, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka.

Baada ya tundu kuzibwa, hewa na unyevu huondolewa kwa pampu ya kufyonza kwa muda wa nusu saa au zaidi. Unyevu ukibaki huganda kwenye tundu jembamba, na ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula vyuma. Kisha gesi hupimwa kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari dogo huhitaji takriban gramu 400 hadi 600. Kujaza kwa kugusa bomba na kusikiliza ubaridi ni kubahatisha. Gesi ikizidi, kiyoyozi hupoza kidogo zaidi na kompresa huumia mapema. Mikono na macho yakingwe pia: gesi ya R134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikiruka kwenye ngozi huiunguza kwa baridi.

Hapa panahitajika tahadhari ya pekee. Gesi ya mitungi ya kupikia huweza kupoza, na ni rahisi kupatikana, hivyo wapo wanaoitia katika viyoyozi vilivyotengenezwa kwa R134a. Evapureta ya gari imo ndani ya chumba cha abiria. Ikitoboka, gesi inayowaka hujaa pale walipoketi watu, na cheche moja ya swichi inatosha. Fundi anayefanya hivyo hamwambii mteja, na fundi wa pili atakayelifungua gari hilo akiwa na moto wa kulehemu jirani hatakuwa na habari.

TABAKA LA OZONI NA HEWA YA DUNIA

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za aina ya R12, zilizokuwa zikitumika katika majokofu na viyoyozi vya magari, hupanda juu na kuharibu tabaka la Ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 kupungua kukubwa kwa tabaka hilo kuligunduliwa juu ya bara la Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal, na Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. Kuanzia mwaka 2010 nchi zinazoendelea nazo zilitakiwa ziwe zimeacha kutengeneza na kutumia gesi hizo, ila kwa mahitaji machache yaliyoruhusiwa.

Magari yalihamia kwenye R134a, ambayo haiharibu Ozoni. Hata hivyo ni gesijoto kali. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huongeza joto la dunia kama kilo zipatazo 1,400 za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana jirani na hapa, katika jiji la Kigali, mwezi Oktoba 2016, wakaafikiana marekebisho ya itifaki ili gesi za kundi hilo zipunguzwe hatua kwa hatua. Marekebisho hayo yalianza kutumika mwaka 2019.

Hesabu yake ni nyepesi. Fundi akifungua bomba na kuachia gramu 500 za R134a hewani, madhara yake ni sawa na kilo 700 za hewa ya ukaa, kiasi kinachotokana na kuchoma lita zipatazo 300 za petroli. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, hiyo ni safari ya Dodoma na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, zaidi ya mara tatu. Sauti ile ya sekunde chache ya gesi kutoka ina uzito huo. Gesi inapaswa kunyonywa na kuhifadhiwa katika mtungi wake, isafishwe na itumike tena. Mashine ya kunyonya ni ghali kwa gereji moja ndogo, lakini mafundi kadhaa wa mtaa mmoja wanaweza kuimiliki kwa pamoja, kama wakulima wanavyomiliki trekta.

Aidha, Ulaya kuanzia mwaka 2017 ilizuia gesi zenye madhara makubwa kama R134a katika magari yote mapya, na viwanda vingi vimehamia R1234yf. Gesi hiyo huwaka kwa kiasi kidogo na ina viungio vyake. Magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini yatazidi kuja nayo. Fundi asifanye mbinu ya kulazimisha viungio vikubaliane, bali asome kibandiko kwanza.

NISHATI MBADALA

Wazee watakumbuka kwamba baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Somo la wakati ule ni kwamba nchi inayoagiza mafuta yote kutoka nje haimiliki safari zake. Majaribio ya kujinasua yamekuwapo. Katika miaka ya 2000 makampuni ya kigeni yalichukua ardhi Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya kulima mbono ili kupata mafuta ya dizeli. Miradi hiyo ilikwama, na wanavijiji waliotoa ardhi wakabaki na malalamiko. Si kila nishati inayoitwa mbadala huleta nafuu.

Nishati iliyopiga hatua ni gesi asilia. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilikamilika mwaka 2015. Sehemu kubwa huzalisha umeme, na sehemu nyingine hushindiliwa katika mitungi ya magari. Dar es Salaam teksi, bajaji na magari ya watu binafsi yamebadilishiwa mfumo, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo.

Mkazi wa Msalato anayetaka kubadili gari lake afanye kwanza hesabu. Mtungi wa lita 60 hubeba takriban kilo 10 za gesi kwa mgandamizo wa angahewa 200. Kilo moja ina nishati ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Kwa hiyo mtungi mmoja ni sawa na lita 15, au kilomita 150 kwa gari la kilomita 10 kwa lita. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 450. Aliyejaza gesi Dar es Salaam itamwishia kati ya Chalinze na Morogoro, na safari iliyobaki ataimaliza kwa petroli. Kwa anayeshinda katika mitaa yenye kituo, faida ni dhahiri. Kwa anayeishi mbali na kituo, mtungi utakuwa mzigo alioulipia mwenyewe.

Mzigo huo unarudi kwenye usukani. Mtungi wa chuma wa ukubwa huo huzidi kilo 50, nao hufungwa ndani ya buti. Nyuma ya gari hushuka, mbele huinuka kidogo, na usukani huweza kuwa mwepesi kupita kiasi katika mwendo mkubwa. Springi za nyuma na mpangilio wa magurudumu vikaguliwe baada ya kufunga mfumo. Ama kuhusu mtungi wenyewe, ni lazima uwe uliotengenezwa na kuthibitishwa kwa gesi iliyoshindiliwa, na upimwe upya kwa vipindi vilivyowekwa. Mtungi wa gesi ya kupikia au wa oksijeni haufai kamwe.

Nishati ya pili ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na mitambo yake yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Mwaka 2024 pia treni ya umeme ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na wananchi wameona kwa macho kwamba chombo kizito huweza kukimbia bila ya moshi. Jirani zetu hawakulala: mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira lililotengenezwa Uganda, na mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingizwa kwa magari binafsi yasiyokuwa ya umeme.

Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Safari za ofisi baina ya Msalato, katikati ya Jiji na Mtumba zimo ndani ya uwezo wake kwa siku nzima. Kwa msomaji wa Visiwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa Unguja nzima ina urefu wa takriban kilomita 85, na hakuna safari ya kisiwani inayoweza kuimaliza betri iliyojaa. Lakini kwenda Kondoa au Singida kunataka vituo vya kuchaji njiani, na kiyoyozi katika joto la Novemba nacho hula betri ile ile inayosukuma magurudumu.

FUNDI NA MAGARI MAPYA

Gari la haibridi tayari limo mitaani, kwa kuwa Japani imekuwa ikiyauza tangu mwaka 1997 na mengi huja yakiwa yametumika. Fundi wa kiyoyozi anayelifungua kama gari la kawaida anaweza kupoteza maisha. Nyaya zenye rangi ya chungwa hubeba umeme wa volti mia kadhaa. Kabla ya kuzigusa, gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, plagi ya usalama ing'olewe kwa glavu maalumu za mpira, na dakika zisizopungua kumi zipite.

Kompresa ya umeme nayo ina mafuta yake. Mafuta ya kompresa za kawaida hupitisha umeme, na kiasi kidogo kilichobaki katika mipira ya geji kinatosha kuharibu kinga ya nyaya ndani ya mota. Kosa la shilingi chache huzaa kompresa mpya. Usukani wa umeme hauna mafuta wala pampu. Hitilafu yake husomwa kwa kompyuta, na baada ya kubadili sehemu huenda ukahitaji kupangwa upya. Hata hivyo tairodi na boljointi zimebaki zile zile, na kwa kuwa betri ni nzito, huchoka upesi zaidi. Mkono wa fundi wa zamani bado una kazi. Unachodaiwa ni kuongezewa elimu, na vyuo vya ufundi stadi vipo kwa madhumuni hayo.

HITIMISHO

Ndugu wasikilizaji, yaliyoelezwa yanaweza kufupishwa hivi. Dereva akague mipira ya viungo vya usukani kila wiki na aandike ubovu siku ile ile. Afisa asiidhinishe safari ya gari lililoandikiwa ubovu wa usukani. Mwenye gari asikubali kujaziwa gesi ya kiyoyozi kabla ya tundu kuonyeshwa, na awashe kiyoyozi dakika chache kila wiki hata siku za baridi ili mipira yake isikauke. Fundi asichomelee kiungo cha usukani, asiachie gesi hewani, asitie gesi ya kupikia, wala asiguse waya wa chungwa asioujua. Anayetaka kubadili nishati aanze na umbali wa kituo, kisha ndipo aulize bei ya mtungi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari ufa ni mpira uliopasuka wa kiungo kisichozidi ukubwa wa ngumi. Bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya safari moja ya Kondoa, na anayeweza kuuona kabla ya wengine wote ni dereva anayeinama kuangalia asubuhi, kabla ya kuwasha injini.